Hoyt Aliposema kwa Midomo

Jumamosi alasiri, kwenye ukumbi wa chini wa kanisa la Wabatisti, Verlene Goforth alipanga mikate ya nyama ya nguruwe na majagi ya chai baridi, kisha akaketi mstari wa mbele kando ya Daktari Pruett wa kiwanda cha nguo. Verlene mwenyewe ndiye aliyemwalika. Mumewe, Hoyt, alifuma shuka kiwandani tangu ujana, akafa mwezi Machi akihangaika kuvuta pumzi. Daktari alisema ni sigara. Hoyt hakuwahi kuvuta sigara. Verlene alitaka daktari atamke tu kwamba ni vumbi la pamba.

Mpiga piano wa tamasha la siku hiyo, Naomi Feld, alitoka New York. Kiangazi kile alikaa barazani na wanawake wa kiwandani, wakamfundisha wimbo wao wa mgomo, naye akautungia muziki wa piano. Alianza taratibu, wimbo ukisikika ulivyo. Halafu akalaza mikono mpaka viwiko juu ya noti nzito, akazitwanga mfululizo kama mashine za kufumia.

"Ataivunja hiyo piano!" akasema Lottie, jirani yake Verlene.

"Iache ivunjike," Verlene akasema. "Si ya mchungaji?"

Baada ya hapo, kwa kishindo cha piano, sauti hazikufaa tena. Kwenye chumba cha kufumia hakuna anayemsikia mwenzake kwa kelele za mashine, kwa hiyo kila mfumaji huzungumza kwa midomo tu, bila sauti. Watu waligeuziana nyuso, wakaendelea na soga kimyakimya. Pamba ikaanza kudondoka kutoka darini. Lottie akayafunika majagi. Hoyt aliingia kwa mlango wa jikoni pamoja na marehemu wengine wa zamu yake, wakasimama ukutani, maana viti vilikuwa vimejaa.

"Umekonda," Verlene akamwambia kwa midomo.

"Nimekufa, mke wangu. Ulitaka ninenepe?"

"Mwambie daktari."

Hoyt akamgeukia Pruett, akatamka polepole, kama mtu anayemwelekeza mfanyakazi mgeni. "Ni vumbi, daktari. Sikuvuta sigara hata moja." Kisha akamgeukia mkewe. "Bomba la jikoni bado linavuja?"

Muziki ukakoma kabla Verlene hajajibu. Ukutani hapakuwa na mtu.

"Umemsikia?" Verlene akamuuliza daktari.

"Nimeona mtu anachezesha mdomo, mama. Siwezi kusema nimesikia nisichosikia." Pruett alipangusa pamba mabegani. "Zilikuwa sigara. Ahsante kwa mikate."

Akachukua kofia, akaondoka.

Verlene akaenda kwenye piano.

"Binti, rudia pale pa viwiko."

"Lakini daktari ameshaondoka," Naomi akasema.

"Nimemwona. Hoyt ameuliza habari za bomba, sijamjibu."

Naomi akakunja mikono ya blauzi yake. Lottie akayafunika tena majagi.