Bi Rehma Anasubiri Mkono

Alhamisi moja ya mwaka 1993, baada ya sala ya adhuhuri, Zeituni binti Seif alikuwa akimwosha jirani yake aliyefariki, katika nyumba ya halmashauri mtaa wa Kaloleni, Kisumu. Maji yalikuwa ya vuguvugu, yametiwa majani ya mkunazi. Wanawake wawili walikuwa wameshika shuka la kusitiri. Alipofika kwenye bega la kulia, marehemu alifumbua macho.

"Zeituni, unanibana," alisema. "Unanishika kama mbuta."

Kisha akayafumba.

Mwanamke mmoja alisema huyo tangu zamani alikuwa mtu wa kulalamika. Mwenzake alitaka kujua kama kuosha kuanze upya, wakamuuliza Maalim Idd aliyekuwa nje ya mlango. Maalim alifikiri kidogo, akajibu kwamba hajui pahali palipoandikwa kuwa maiti akisema anaoshwa tena. Wakaendelea.

Zeituni aliona lawama ni ya haki. Alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha samaki kando ya ziwa, saa kumi kwa siku, amesimama ndani ya mabuti ya mpira, kisu mkono wa kulia na barafu mkono wa kushoto. Kazi yake ilikuwa kutoa minofu ya mbuta. Minofu ilipanda ndege kwenda Ulaya. Kichwa na mifupa, ambayo watu wa Kisumu huiita mgongo wazi, ilibaki ikakaangwa sokoni, na watu wakaila na kushukuru. Kwa miezi mingi sasa kidole gumba chake cha mkono wa kulia kilikuwa na ganzi, na cha shahada, na cha kati, na nusu ya cha pete. Mpaka ulipita katikati ya kidole hicho: upande mmoja ulihisi, upande wa pili haukuhisi hata sindano. Hakumwambia mtu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kwake yeye kilimuumbua kifo cha jirani.

Wiki iliyofuata marehemu mwingine aliyeoshwa na Zeituni alisema hivyohivyo, na huyu hakuwa mtu wa kulalamika. Habari zikamfikia Bi Rehma.

Bi Rehma alikuwa mama yake Zeituni, mwenye miaka themanini na moja, na uvimbe tumboni. Alikuwa amepanga kufa Ijumaa. Jamaa wa Kendu Bay alikwisha kuwaaga, sanda ilikuwa chini ya mto, na wosia wake ulikuwa mmoja tu: asiguswe na mtu mwingine ila binti yake. Aliposikia habari ya mkono, akaahirisha.

"Nilikubeba miezi tisa sikukubana," alimwambia Zeituni. "Mimi sitaoshwa kama samaki. Nenda katengeneze huo mkono. Nitangoja."

"Mama, na hayo maumivu?"

"Ndiyo maana nakwambia fanya haraka."

Ijumaa ikafika, Bi Rehma hakufa. Waliokuwa wameleta mchele wa matanga wakarudi nao nyumbani.

Dorca, aliyekata samaki meza moja na Zeituni, alimpeleka hospitali ya Kombewa, ambako daktari wa upasuaji aitwaye Walubengo alikuja mara moja kwa mwezi. Daktari aligonga kifundo cha mkono kwa kidole, na umeme ukakimbia hadi kwenye kiganja, ukafia hapo. Akatazama kitako cha kidole gumba. Nyama yake ilikuwa imekwisha, pamebaki bonde.

"Hapa kwa kifundo kuna njia nyembamba," alieleza. "Mshipa wa fahamu unapita humo pamoja na kano za vidole. Ukikata samaki kutwa, kano zinavimba, mshipa unabanwa. Ungekuja mapema ningekufunga kibao kwa kifundo ulale nacho, na ukikosa nafuu ningekudunga sindano. Sasa imebaki kukata ule ukanda unaofunika njia."

"Kata," alisema Zeituni.

Alipigwa sindano ya ganzi, jambo lililomchekesha kidogo. Alikuwa macho wakati ukanda unakatwa. Daktari alimwonyesha mshipa wake: ulikuwa umebonyea katikati, umepauka. Alisema yeye kazi yake ilikuwa kuufungulia njia, lakini sehemu iliyokufa lazima iote upya, na mshipa huota milimita moja kwa siku, haukubali kuharakishwa. Akaandika barua ya kuomba kazi nyepesi.

Msimamizi wa kiwanda, Gordon, aliisoma barua mara mbili.

"Mama, hapa hakuna kazi mwepesi. Hapa iko samaki tu," alisema. "Mkono ikipona, rudi. Wengine wako kwa geti."

Hakuwa mtu mbaya. Mke wake mwenyewe alikuwa meza ya pili, na alikuwa haziwezi tena shati zenye vifungo.

Kutoka kifundoni hadi ncha ya kidole cha kati, mkono wa Zeituni ulikuwa sentimita kumi na saba. Bi Rehma, aliyewahi kushona nguo, alichukua utepe wa cherehani akahesabu siku, akaguna. Kila asubuhi alikigonga kiganja cha binti yake kidogokidogo, na pale Zeituni aliposhtuka kwa umeme, hapo ndipo mshipa ulipofika. Ulitembea kama alivyosema daktari. Siku ya arobaini Bi Rehma aliacha kula, kwa kuwa chakula hakikuwa na kazi tena. Siku ya hamsini moyo wake ulisimama. Muuguzi wa zahanati aliandika hivyo kwenye kadi, akashauri anywe maji mengi.

Maumivu peke yake ndiyo yaliyokataa kusimama. Bi Rehma hakutulia. Alitaka kitanda kielekezwe mlangoni, kisha dirishani, kisha mlangoni tena. Alikaa, akalala, akakaa. Kufa yuko tayari, kuishi hawezi, na kati ya mambo hayo mawili kuna utepe wa cherehani. Zeituni alimpenda mama yake kuliko kitu chochote, na kila alipomsikia akigeuka kitandani alitamani kuuvuta ule mshipa kwa meno.

Lakini Zeituni alikuwa mjane mwenye binti wawili. Siku ya themanini ndani hamkuwa na unga. Jirani walisaidia, kisha wakachoka, maana nao wana vinywa. Siku ya themanini na tatu alivaa aproni akaenda. Gordon alimwambia akunje vidole. Vikakunjika. Hakuulizwa kama vinahisi.

Siku ya tisini mshipa ulikuwa umefika kwenye kiungo cha kwanza cha vidole. Siku ya tisini na saba ulikuwa palepale. Bi Rehma aligonga tena na tena, akauweka utepe chini.

"Umerudi kwa kisu."

"Watoto walilala na njaa siku tatu, mama."

"Na mimi nimelala na maumivu siku tisini na saba."

Wote wawili walikuwa na haki, kwa hiyo hakuna aliyeomba radhi.

Walubengo alisema anaweza kufungua tena. Alisema pia uko upasuaji wa kuhamisha kano moja ya kidole cha pete, ili kidole gumba kipate nguvu ya kushika.

"Na kuhisi?"

"Kuhisi hapana. Ni nguvu tu."

"Nguvu ya kushika ninayo, daktari. Ndiyo inayonigombanisha na watu."

Daktari akamwambia basi aache kisu. Zeituni akamshukuru.

"Nitafutie mwingine," alisema Bi Rehma siku ile. Wosia ni wake, na aliutengua mwenyewe.

Jumamosi ambayo kiwanda kilikosa samaki, Habiba, binamu yake Zeituni, aliyekuwa wa kwanza kujaribiwa na kukosea, alizunguka Kaloleni akiwa na ushanga mmoja wa tasbihi na punje moja ya haragwe. Kila mwanamke alifumba macho, akapewa kimoja kati ya vidole, akaulizwa ni kipi. Habiba aliingia nyumba thelathini na moja. Waliokuwa kiwandani walikosea. Waliofukuzwa kiwandani walikosea pia, na asiyewahi kufanya kazi huko hakupatikana. Wengine hawakujua kama wamepewa kitu. Alasiri alirudi na ushanga wake, na haragwe lake.

Bi Rehma alisikiliza mpaka mwisho.

"Basi ni wewe," alimwambia binti yake. "Kesho baada ya alfajiri."

"Mama, nitakubana."

"Najua."

Alikufa Jumapili kama alivyosema. Zeituni alianza upande wa kulia. Kwenye bega alisimama akangoja kuambiwa, maana mwaka huo kila maiti aliyemgusa alikuwa amesema.

"Mama, nakubana?"

Bi Rehma hakujibu. Zeituni alijaribu kulegeza, asijue kama amelegeza. Aliosha mkono, ubavu, akalikanda tumbo.

"Mama, sema basi. Sema tu, nitaacha."

Wanawake wote walimwangalia Bi Rehma usoni. Midomo yake ilikuwa imekazwa, na ilibaki imekazwa hadi maji ya mwisho, yale ya kafuri.

Habiba alipomkausha waliziona alama. Zilikuwa za vidole, zimeingia ndani, kutoka begani hadi kiwikoni, moja baada ya nyingine. Zeituni alizigusa. Hazikumwambia kitu. Hapo ndipo alipolia kwa sauti, na Habiba akaivuta sanda.

Walizika kabla ya adhuhuri. Jumatatu asubuhi, kiwandani, Gordon alimpa pole kwa Kijaluo, "Mos, Mama," akampa kisu. Mbuta siku hiyo walikuwa wengi.