Nafasi ya Kumi

Jezi tisa zilikuwa na wenyewe. Ya kumi ilitundikwa kwenye uzio wa uwanja wa Mwanga tangu Jumatatu, na kila aliyepita kwenda sokoni aliitazama kama anavyotazamwa binti ambaye posa yake haijajibiwa. Wauza mawese walikuwa na jibu. Mafundi cherehani walikuwa nalo. Hata mwenye mashine ya kusaga, ambaye kikapu pekee alichokijua ni kile cha kubebea muhogo, alikuwa na jibu. Mtu mmoja tu mjini Kigoma hakuwa nalo, naye ndiye aliyepaswa kulitoa.

Huyo alikuwa kocha Feliksi, fundi wa kuchomea vyuma, Mha wa Kasulu aliyeteremka ziwani ujanani na kugoma kupanda tena milimani. Timu ya mpira wa kikapu ya mkoa ilikuwa iondoke Ijumaa kwa treni kwenda mashindanoni Tabora. Nyota hakumpa shida. Nyota alikuwa Adolf, na Adolf angechaguliwa hata na kipofu. Shida ilikuwa wachezaji wawili wa pembeni, wale ambao mtu hawataji anaposimulia mechi, kama asivyotaja chumvi anaposifu mchuzi.

Wa kwanza alikuwa Swaibu wa Ujiji. Kazi yake ilikuwa kusimama kwenye kona, kuungoja mpira na kuutupa kutoka mbali. Alikuwa na maneno mengi kuliko pointi, na pointi hazikuwa haba. Wa pili alikuwa Anatoli, aliyevuka ziwa kutoka Uvira mwaka uliotangulia, vita vilipoufikia mji wao. Yeye alitupa kwa nadra. Alijisimika kama nguzo mbele ya mpinzani ili mwenzake apite, akagombea mipira iliyogonga ubao, akaanguka, akainuka, akajipangusa vumbi. Watazamaji walijua yumo uwanjani pale tu alipogongwa.

Feliksi alijivunia kitu kimoja, nacho ni haki. Majirani waliogombania mpaka wa shamba walimwita awaamue. Alikuwa na mizani kichwani, na hakuchukia watu wakijua kwamba anayo. Kwa hiyo alikwenda kwanza kwa Marcelina, mwalimu wa hesabu aliyeketi mezani kwenye kila mechi akiandika. Daftari la Marcelina lilisema kwamba katika mechi nane Swaibu alipata pointi hamsini na nane, Anatoli kumi na tatu. Wazee wa Ujiji waliposikia hivyo wakatosheka, wakaanza kuzungumzia habari za mvua. Marcelina hakutosheka. Alikuwa amefungua ukurasa mwingine, akaandika timu ilipata nini kila mmoja wao alipokuwa ndani na ilipoteza nini alipotolewa, na ukurasa huo ulimpa ushindi yule asiyefunga.

Feliksi akaona dawa ni kuwapambanisha. Jumatano aliigawa timu nusu kwa nusu, Swaibu huku, Anatoli kule, akapuliza filimbi. Ikawa aibu kwa wote wawili. Swaibu alitupa mara tisa na kupata moja, maana kila alipopokea mpira palikuwa na mtu puani mwake. Anatoli naye aliwafungulia njia watu ambao hawakujua kwamba njia imefunguliwa, akawa kama mlango mzuri kwenye nyumba isiyo na wakazi. Mvuvi mmoja wa Ilagala aliyekuja mjini kuuza dagaa alicheka mpaka akakaa chini.

"Kocha," alisema, "umetenga karabai na wavu, sasa unauliza kipi kinavua."

Feliksi alicheka pamoja naye, lakini nafasi ilikuwa moja. Akaipima usiku na mchana. Mwanga wa karabai unaweza kuazimwa, aliwaza. Adolf naye hutupa kutoka mbali. Wavu hauazimwi. Alhamisi jioni, mbele ya umati uliojaa mpaka barabarani, alisoma majina kumi, na la mwisho lilikuwa la Anatoli. Upande wa watu wa Ujiji pakapita mnong'ono kama upepo juu ya mabua. Feliksi aliusikia na kuufurahia. Haki isiyomuudhi mtu yeyote aliiona kama dawa isiyo chungu. Anatoli alisema asante, kocha, akainamia viatu vyake. Feliksi akauita huo unyenyekevu, akampenda zaidi.

Kilichobaki kilikuwa karatasi. Ili timu ipewe barua ya safari, ofisi ya mkoa ilitaka orodha ya wachezaji, jina la kila mmoja, mtaa anaokaa na mahali alipozaliwa. Feliksi aliijaza kwa mwandiko wake bora. Kwenye mstari wa kumi aliandika Uvira, bila kufuta wala kusita.

Ijumaa asubuhi Swaibu alimkuta kwenye karakana yake. Feliksi akainua miwani ya kuchomelea.

"Shikamoo, kocha."

"Marahaba. Umekuja kununa au una kitu cha kuunga?"

"Nimekuja kukuomba umtoe Anatoli."

Feliksi alimwambia kwamba angalau angengoja maiti ipoe. Swaibu hakucheka, jambo ambalo halikuwahi kuonekana. Akasema yeye mwenyewe asichukuliwe, achukuliwe yeyote, hata mpiga filimbi. Ila Anatoli atoke kwenye karatasi. Alipoulizwa sababu, yule aliyekuwa mdomo wa timu nzima akababaika, akasema hawezi kuitaja. Feliksi akamjibu kwamba mtu asiyeweza kutaja sababu kwa kawaida anayo moja tu, nayo huitwa wivu. Akashusha miwani, akarudia moto wake.

Kabla ya adhuhuri alifika Bibi Mwamini, nyanya yake Swaibu, na kapu lake la sokoni mkononi. Feliksi alimpa kigoda, akamwamkia, akajiandaa kukataa kwa adabu. Ndipo akamwona Anatoli amesimama hatua mbili nyuma ya bibi huyo. Tangu waliposhuka kwenye mtumbwi, Anatoli na mkewe Esther walikaa uani kwa bibi huyo.

"Karatasi iko wapi?" Bibi Mwamini aliuliza.

"Mfukoni, Bibi. Naipeleka saa saba."

"Basi bado Mungu hajatuchoka."

Alieleza bila haraka, kama anayechambua mchele. Malori yalikuwa yakipita mitaani mwezi wa pili sasa, yakiwachukua waliotoka ng'ambo na kuwapeleka kambini. Anatoli hakuandikwa popote kama mkimbizi. Mimba ya Esther ilikuwa na miezi minane na ilikuwa ikitoka damu. Mkunga amesema alale chali, asibebwe hata kwa baiskeli, seuze kwa lori. Na karatasi ikifika ofisini husomwa, ndiyo kazi yake.

Feliksi alimgeukia Anatoli, akamuuliza kwa nini hakusema jana.

"Mbele ya watu wale wote?" Anatoli alisema. "Kocha, kwenu jina la mtu likisomwa anapigiwa makofi. Kule kwetu, yalipoanza kusomwa, mtu alikuwa anatazama mlango. Lakini kusema kweli, jana nilifurahi kwanza. Kabla sijakumbuka."

Feliksi akapendekeza waandike amezaliwa Ujiji. Bibi Mwamini akamtazama kwa huruma anayotazamwa nayo mtoto aliyevaa shati kinyume. Huyu akifungua mdomo tu, alisema, Uvira nzima inatoka.

"Babu yangu alikuja kutoka Manyema na pembe za ndovu begani," aliongeza akiinuka. "Hakuna aliyemwandika. Ndiyo maana mimi leo naitwa mwenyeji."

Walipoondoka, Feliksi aliitia karatasi kwenye moto, akachukua nyingine, akaandika upya majina yote tisa. Kwenye mstari wa kumi mkono wake ulikawia. Hakuwa na shaka kuhusu jina. Alikuwa akifikiri atawaambia nini watu. Sababu akiitaja, itafika mahali asipopataka kabla treni haijafika Uvinza. Asipoitaja, watajitungia yao. Na walijitungia. Kufikia alasiri mji mzima ulijua kwamba Bibi Mwamini alionekana akiingia karakanani na kapu zito, akatoka na kapu jepesi. Ukweli ni kwamba kapu lilikuwa na mchicha, na alitoka nao.

Stesheni palijaa. Marcelina alimkuta Feliksi penye mlango wa behewa, akamuuliza hesabu zimebadilika lini.

"Hazijabadilika," Feliksi alisema.

"Basi?"

"Basi nimemchukua Swaibu."

Marcelina alimngojea aendelee. Alipoona haendelei, akaliweka daftari lake mkobani na kwenda kupanda behewa jingine. Nyuma yake alijitokeza mzee wa Ujiji mwenye kofia ya kufuma, akaushika mkono wa Feliksi kwa mikono yake miwili, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye injini kwamba kocha amewakumbuka wenyeji, Mwenyezi Mungu amlipe. Siku nyingine Feliksi angempa jibu la kumvua kofia. Lilikuwa tayari, limeshakaa kwenye ncha ya ulimi.

"Amina, mzee," alisema.

Treni ilipoanza kusogea alikaa karibu na Swaibu. Nyumba zilirudi nyuma, ziwa likaonekana katikati ya mapaa, kisha kilima kikalichukua.

"Watakusema mpaka lini, kocha?"

"Mpaka mtoto wa Anatoli aote meno."

Swaibu alicheka, kisha kicheko kikamwishia njiani. Akauliza kule Tabora nani atamfungulia njia. Swali hilo Feliksi alikuwa akijiuliza yeye mwenyewe tangu mchana, na katika majina kumi hakuona la kujibia.

Baadaye kidogo Swaibu aliinuka, akaenda kujisimika katikati ya ujia wa behewa. Akatanua miguu, akaifunga mikono kifuani, akaliacha behewa limyumbishe bila kushika kitu. Mara ya kwanza alipepesuka. Mara ya pili pia. Mara ya tatu alikunja magoti kidogo, akatulia. Mama mmoja mwenye furushi kichwani alimwambia apishe watu wapite.

Hakupisha mara moja.