Shahidi wa Hadassah

Marlys Terpstra alikuwa amekipenda Chuo cha Ebenezeri kabla hata hajakiona kwa macho. Hadassah alikuwa bado anang'oa meno ya utoto, na mama yake tayari anamwambia kila mtu kanisani kwamba huyu atakwenda Ebenezeri. Chuo chenyewe kidogo, kimejificha kwenye vilima vya Missouri, hakina timu ya mpira wala baa karibu. Wanafunzi wanaanza na Kilatini na Kigiriki, wanasoma vitabu vya watu waliokufa zamani, wanakwenda kula wamevaa majoho meusi, na kabla ya chakula wanaimba zaburi kwa sauti nne. Kwa mama aliyemsomesha binti yake mwenyewe mezani jikoni tangu herufi ya kwanza, hiyo ilikuwa pepo ndogo.

Mumewe, Dwight, hakuona pepo yoyote. Yeye mfugaji wa nguruwe kule Nebraska, na njia nzima alikuwa anaguna tu nyuma ya usukani.

"Chuo gani hiki, hata kanisa letu linakishinda kwa watu," alisema walipoegesha gari. "Akimaliza hapa atafanya kazi gani? Atawasomea nguruwe wangu Kilatini?"

"Nguruwe wako wangefaidika," Marlys alimjibu. "Na wewe pia."

"Chuo kikuu kule Lincoln wamemchukua uuguzi. Uuguzi, Marlys! Muuguzi halali njaa."

"Lincoln watampa uuguzi, watamnyang'anya Mungu. Basi, tumeshafika, usinitibue."

Hadassah alikuwa kiti cha nyuma, kimya. Ukimuuliza anataka Lincoln au Ebenezeri, jibu lake lilikuwa moja: tuone kwanza. Alikuwa na miaka kumi na minane, mrefu kama baba yake, na uso usiokwambia kitu. Marlys alikuwa akiusifu utulivu ule kila alipoalikwa kuhutubia akina mama. Ndiyo, alikuwa akialikwa. Pale kwao alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wanaosomesha watoto nyumbani, na kila mwaka alipanda jukwaani kueleza jinsi alivyomlea Hadassah. Makamu wake, Glenda Roorda, naye alikuwa amekuja wikiendi hiyo na mtoto wake wa kiume. Glenda alikuwa na tabasamu la kanisani na jicho la sokoni.

Mchana kutwa walizungushwa. Maktaba, sawa. Bweni la wasichana, sawa, tena lina mama mlezi mkali. Dwight alimbana mhadhiri mmoja kuhusu kazi, akajibiwa kwamba wahitimu wengi ni walimu na wachungaji. "Na walioacha?" akauliza. Mhadhiri akacheka, akamwonyesha kanisa. Marlys alitamani ardhi immeze, lakini hata hivyo moyo ulikuwa umejaa. Kila alichokiona alikiweka upande wa Ebenezeri wa mizani, na upande wa Lincoln ulikuwa unapaa juu hauna kitu.

Jioni ikaja karamu, na baada ya karamu ikaja desturi ya chuo. Kila wikiendi ya wageni wanafanya mdahalo ukumbini, watu wakiwa bado na pai ya maboga mbele yao. Mgeni mmoja kijana anaalikwa avae joho na kushindana na mwanafunzi. Kila mmoja anachovya mkono kwenye chungu anatoa haragwe: jeupe unaunga mkono hoja, jeusi unapinga, upende usipende. Kwa sababu upande ni wa bahati nasibu, maneno ya kwenye joho hayamfuati mtu nje. Lakini kuna kitu kimoja hakichezewi. Kupinga usichokipinga, ruhusa. Kudanganya, hapana. Ukitoa kisa, kiwe kimetokea kweli. Mshindani wako akikitilia shaka anapaza sauti, "Shahidi!" na mdahalo unasimama mpaka mtu anayekijua kisa hicho asimame athibitishe. Akikanusha, hata neno moja tu, msemaji anavua joho na mchezo umekwisha. Na mgeni akishinda, anapewa nafasi na ufadhili palepale, bila mtihani mwingine.

Jina lililoitwa lilikuwa Hadassah Terpstra. Marlys aliminya mkono wa Glenda mpaka pete zikaumana.

Mkuu wa chuo, Profesa Lindqvist, mzee mwenye ndevu na sauti ya upole, akasoma hoja: mzazi anayemsomesha mtoto wake nyumbani amemtendea mema. Ukumbi ukaangua kicheko. Nusu ya waliokaa pale walisomea nyumbani, na nusu nyingine ndio waliowasomesha.

Mwanafunzi wa chuo, Ezra Pruitt, akatoa haragwe jeupe. Hadassah akabaki na jeusi.

"Maskini, amepata upande mbaya," Glenda alinong'ona.

"Ngoja uone," Marlys akasema. "Huyo nilivyomfundisha, anaweza kumtetea hata shetani akashinda kesi."

Ezra alisema vizuri, watu wakampigia makofi ya adabu. Kisha Hadassah akasimama. Hakuwa na karatasi. Alikunja mikono ya joho, akamsalimu mkuu, akamsalimu mshindani wake, kila kitu kwa mpangilio aliofundishwa na mama yake. Marlys alikuwa akifuata kwa midomo: utangulizi, mgawanyo, sasa ushahidi.

"Ushahidi wangu ni mmoja," Hadassah alisema. "Nilikuwa na rafiki."

Marlys aliacha kuchezesha midomo.

"Aliitwa Misty Kolb. Baba yake alikuwa na kituo cha mafuta mwisho wa barabara yetu. Nilikuwa na miaka kumi na minne, na sikuwahi kuwa na rafiki kabla yake, maana ndugu zangu wote walikufa wachanga, na wenzangu wote nilikuwa nakutana nao Alhamisi, siku ya kikundi, mbele ya mama zao. Misty alinifundisha kuendesha baiskeli bila kushika usukani. Alikuwa anatukana, ndiyo. Kwao kulikuwa na televisheni inayowaka mchana kutwa, ndiyo. Mama yangu alipojua, alinikataza nisimwone tena. Hakunipiga wala hakupaza sauti. Alinikalisha mezani, akanipa hoja tano kwa mpangilio, na mimi nikashindwa kuijibu hata moja, kwa sababu yeye ndiye aliyenifundisha kujibu."

Marlys aliweka uma mezani. Mungu wangu, huyu mtoto anafanya nini? Ananivua nguo mbele za watu! Alimtazama Dwight. Dwight alikuwa anaitazama pai yake kana kwamba imemuuliza swali.

"Nilijifunza Kilatini vizuri sana mwaka ule," Hadassah aliendelea. "Sikuwa na kitu kingine. Mama yangu akienda kuhutubia, anawaambia watu kwamba mimi ni mtulivu. Mimi si mtulivu. Nilikuwa sina mtu wa kuongea naye."

Kuna mama mmoja nyuma aliyeguna. Glenda hakuguna, lakini tabasamu la kanisani lilikuwa limeondoka na jicho la sokoni limebaki.

"Nitakuwa mkweli, maana hapa lazima," Hadassah akasema. "Yote haya siyaweki kwa mama. Kina Kolb walihama kiangazi kile, na Misty aliondoka hata kuniaga hakuja. Nyumba yetu aliijua. Hilo ni lake mwenyewe. Nimelibeba miaka minne, kwamba mtu mmoja niliyempenda hakuona haja ya kuniaga. Lakini mtoto mwenye marafiki kumi, mmoja akimsahau, anabaki na tisa. Mimi nilibaki na Kilatini. Kwa hiyo naipinga hoja."

Akakaa. Hakuna aliyepiga makofi. Kisha wakapiga wote kwa pamoja, wahadhiri wakiwa wamesimama, na Profesa Lindqvist akifuta miwani. Yaani walikuwa wamefurahi! Wao waliona mdahalo tu, tena mtamu. Marlys peke yake hakupiga makofi. Miaka minne? Miaka minne mtoto amelala chumba cha pili na jambo hilo kifuani, na yeye mama anapita mlangoni na kapu la nguo akiimba?

Ndipo Ezra Pruitt akainuka, amejawa na haya. "Samahani sana, dada. Ni kisa kizuri mno. Naona kama umetia chumvi kidogo." Akageukia ukumbi. "Shahidi!"

"Nani hapa anakijua kisa hiki?" Profesa akauliza.

Watu hawakuhitaji kutafuta. Vichwa vyote viligeukia meza ya kina Terpstra. Dwight akaanza kuinuka, lakini Hadassah akatikisa kichwa. "Baba alikuwa mashambani kutwa, hajui mengi. Mama anajua."

Marlys akasimama.

"Mama Terpstra," Profesa alisema kwa upole, "aliyoyasema binti yako ni kweli yote?"

Angeweza kusema hapana, ametia chumvi. Watu wangecheka, Hadassah angevua joho, Glenda angerudi Nebraska bila cha kusimulia. Neno lilikuwa tayari kwenye ulimi. Angeweza pia kusema ndiyo. Lo, na ndiyo ingekuwa nzuri zaidi! Mama mnyenyekevu anakiri makosa yake, binti anapata Ebenezeri na ufadhili juu, na nusu ya ukumbi inalia. Neno moja tu, chuo alichokiota tangu mtoto akiwa na meno ya utoto kinakuwa chake. Alimtazama Hadassah, naye Hadassah alikuwa anamtazama kwa ule uso usiokwambia kitu, isipokuwa safari hii macho yalikuwa yanamwomba. Anaomba ndiyo. Mtoto anaitaka Ebenezeri, Marlys aliliona hilo wazi. Anapataka mahali hapa, maana ndipo mahali pa kwanza alipoweza kusema.

"Si kweli yote," Marlys akasema.

Uso wa Hadassah ukawa mweupe, kisha mwekundu. "Mama!"

"Kuna sehemu moja si kweli."

"Sijasema uongo! Mama, haki ya Mungu sijasema uongo hata—"

"Wewe hukusema uongo. Wewe hukujua." Marlys alishika ukingo wa meza. "Misty alikuja kukuaga."

Hadassah akainuka kitini.

"Ulikuwa juu unasoma. Alibisha hodi mlango wa mbele, na hapo kabla siku zote alikuwa anapitia mlango wa jikoni. Alikuwa amevaa gauni. Sikuwahi kumwona na gauni. Nilimwambia hutaki kumwona."

Dwight alinyanyua kichwa. "Marlys," alisema polepole, "ulifanya nini?"

"Nilidhani namwokoa mtoto wangu! Nilidhani kukikatika mara moja, kutapona haraka." Akamgeukia Hadassah. "Nikaona umenyamaza, nikasema amepona."

Hadassah alikuwa ameshika shingo ya joho kwa mikono yote miwili. Profesa Lindqvist na sheria zake hawakujua la kufanya. Hadassah ndiye aliyejua. Alifungua vifungo kimoja kimoja, akalivua joho, akaliweka juu ya kiti. Marlys aliona nafasi ya mtoto wake inawekwa pale kitini, na hakuna mtu aliyenyoosha mkono kuizuia.

"Alisema nini?" Hadassah akauliza.

"Dassa, tutoke nje tuongee, mwanangu."

"Alisema nini, mama?"

"Alisema wanahamia mji wa Tulsa. Alisema atangoja kwenye gari mpaka baba yake amalize kufunga mizigo juu yake, pengine utabadili mawazo."

"Alingoja?"

"Alingoja."

"Muda mrefu?"

Marlys aliinamisha kichwa kukubali. Gari lilikuwa limesimama ng'ambo ya barabara, na yeye alilitazama kwa upenyo wa pazia mpaka taa zake zikawaka na kuondoka.

Hadassah hakulia. Laiti angelia, mama yake angejua afanye nini. Alisimama pale katika sweta lake la bluu, mbele ya watu wote, kama mtu aliyeambiwa kwamba maiti waliyoizika ilikuwa hai. Kisha akapita katikati ya meza, akampita mama yake bila kumgusa, akasimama mbele ya Dwight.

"Baba, kutoka hapa Tulsa ni mbali?"

Dwight alimtazama mkewe kidogo tu. Akafuta mdomo kwa kitambaa, akachukua ufunguo wa gari.

"Si mbali sana, mwanangu," alisema. "Kachukue koti lako."

Wakatoka. Ezra Pruitt akakaa, Profesa akakaa, na Glenda akasogeza kiti chake pembeni kidogo. Hakuna aliyemwambia Marlys akae, naye akabaki amesimama.