Hitima ya Kocha Sheikhan

Khairunisa aliomba ruhusa siku mbili kabla. Madam wake, bibi wa miaka themanini ambaye yeye humwogesha na kumpa dawa huko Rashidiya, akamuuliza aliyefariki ni nani wake. Khairunisa akakwama. Si baba, si mjomba. "Mwalimu wangu," akasema mwishowe, na madam akamwambia nenda, ila magharibi ikukute umesharudi. Akavaa buibui lake, akapanda metro, na njia nzima moyo ulikuwa mzito hata akapitiliza kituo cha Al Qusais, ikabidi avuke upande wa pili na kurudi.

Hitima ilisomwa nyumbani kwa Adib, ghorofa ya pili, nyuma ya maduka ya matairi. Adib ni mtu wa Pwani, muuza vipuri vya magari, na ndiye mwenyekiti wa wale waliosoma Chuo cha Kisimani kisha wakaja Dubai kutafuta riziki. Marehemu alikuwa Kocha Sheikhan, aliyefundisha mpira pale chuoni miaka ishirini na miwili. Alizikwa Alhamisi, kwao, na wao wa huku hawakuwahi hata kushika jeneza. Ndiyo shida ya ughaibuni hiyo: msiba unakufikia kwa simu uko kazini, na arbab, tajiri wako, hataki kuona machozi.

Tusidanganyane, Kocha Sheikhan alipendwa. Nusu ya wanaume waliokaa kwenye ule mkeka, yeye ndiye aliyewaandikia barua za kuwasifu walipotafuta kazi. Ukifiwa, wa kwanza kumkuta mlangoni kwako ni yeye. Khairunisa mwenyewe alikuja chuoni yatima, hana mbele wala nyuma, na alipotaka kufukuzwa mwaka wa kwanza kwa kukosa ada alikwenda kulia kwa kocha. Kocha akamwombea kwa mkuu wa chuo, akarudishwa darasani. Na kwa kuwa alikuwa akisomea uuguzi, kocha akampa kazi ya kubeba mkoba wa dawa wa timu, akawa anamwita "daktari wetu" mbele ya watu. Mtu wa hivyo utamsema vibaya? Utaanzia wapi?

Yasini ikasomwa, dua ikaombwa, watu wakaitikia amin. Kisha pazia la chumba cha wanawake likavutwa pembeni, kahawa ikapita na halua. Adib akakohoa kidogo.

"Ndugu zangu, kuna jambo. Bonanza letu la mpira la kila mwaka halina jina. Mimi naona tuliite Kombe la Kocha Sheikhan. Nani anapinga?"

Aliuliza kwa mazoea tu, kama watu wanavyouliza mikutanoni wakijua hakuna atakayenyanyua mkono. Watu walikuwa wameshaanza kusema inshallah.

"Mimi napinga," akasema Hakim.

Hakim ni Mganda, mlinzi wa jengo moja la ofisi, na alikuja na suruali yake ya kazi kwa sababu zamu yake ilikuwa inaanza saa kumi na mbili. Enzi za Kisimani alikuwa golikipa.

"Banange, msinitazame hivyo. Dua nimeomba, na nitaomba tena. Lakini kombe ni kitu kingine. Kombe ni kuwaambia watoto wetu, huyu mfuateni. Mimi nilidaka chini yake miaka mitatu. Nilimwona anavyochezesha watu wagonjwa. Anakuita mwoga mbele ya wenzako mpaka unavaa viatu mwenyewe. Nani aliwahi kumuuliza? Hata siku moja?"

"Astaghfirullah!" akasema mmoja. "Maiti hata siku saba hajatimiza."

"Maiti hasemwi ila kwa wema, Hakim."

"Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni," akadakia mwingine. "Vikombe tisa alituletea yule mzee. Tisa!"

"Vikombe tisa na magoti mangapi?" akasema Hakim. "Mbona hamhesabu goti la Wahid?"

Hapo chumba kizima kikageuka kumtazama Wahid.

Wahid alikuwa amekaa karibu na mlango wa wanawake, mguu wa kulia umenyooshwa, kwa sababu haukunji. Alikuwa ametoka Dubai Investments Park, kwenye ghala anakokaguia mizigo akiwa amekaa kwenye kiti, na amesimama kwenye metro karibu njia nzima. Kijana huyu zamani akigusa mpira, wanawake wauza vitumbua nje ya uwanja walikuwa wanaacha mafuta yaungue. Klabu moja ya ligi kuu ilikuwa imeshamwita kwa majaribio. Kisha ikaja ile fainali, dakika ya sitini, goti likakatika, na habari yake ikaishia hapo.

"Hakim, ndugu yangu, nakushukuru," akasema Wahid taratibu. "Najua unanipigania mimi. Lakini goti hili usimtwike marehemu. Kosa langu."

"Kosa lako vipi?"

"Tulikwenda kupiga picha hospitali baada ya nusu fainali. Majibu yakaja, kocha akaniambia daktari anasema ni msuli tu, utapoa. Sasa asubuhi ya fainali nikaamka goti limejaa kama dafu. Nikalifunga bandeji, nikavuta soksi juu, nikanyamaza. Nilijua kocha akiliona ataniweka benchi. Nikamficha. Hata yeye alisema pale pale uwanjani, nimelala chini, mbele ya watu wote: mficha maradhi kilio humfichua. Na alisema kweli. Kombe liitwe jina lake, na mimi nitakuwa wa kwanza kulibeba."

Hakim akatazama kikombe chake cha kahawa. "Kama mwenyewe umesema hivyo," akasema, "khalas. Mimi ni nani."

Watu wakapumua. Ndani ya chumba cha wanawake Khairunisa alikuwa ameshika sahani ya halua, hakuipitisha kwa mwenzake, maana alijua Wahid amesema uongo, na masikini ya Mungu hajui kwamba ni uongo.

Majibu ya ile picha ni yeye aliyeyafuata hospitali. Barua haikuwa hata na gundi. Akaisoma njiani, mwanafunzi wa uuguzi atakosaje kuisoma? Kano ya goti imechanika nusu, daktari aliandika, mgonjwa asiguse mpira miezi mitatu, akicheza itakatika yote. Akaipeleka mbio kwa kocha. Kocha akaisoma mara mbili, akaikunja, akaitia mfuko wa shati. "Hii ni amana baina yangu na wewe, daktari wetu," akamwambia. "Nitampa mwenyewe fainali ikiisha." Fainali ilikuwa Jumamosi, na siku ile ilikuwa Jumatano. Siku tatu nzima Khairunisa alimwona Wahid akichechemea kwenda bwenini na kurudi, na hakusema kitu. Alikuwa na miaka kumi na tisa, na aliyemrudisha darasani alikuwa yule yule aliyemwambia anyamaze. Miaka kumi na mitatu amekuwa akijipa sababu hiyo, na hata siku moja haijamtosha.

Adib sasa alitaka kikao kiishe kwa amani. Akasimama.

"Hatukuwahi maziko," akasema. "Basi na sisi tumtolee mwalimu wetu ushahidi, kama walivyomtolea wenzetu kaburini. Ndugu zangu, marehemu alikuwa mtu gani?"

"Mtu mwema!" wakajibu.

"Alikuwa mtu gani?"

"Mtu mwema!"

"Alikuwa mtu gani?"

"Mtu mwema!" Na sauti ya Wahid ilizipita zote, na machozi yalikuwa yanamtoka.

Jamani, neno lile ni jepesi. Ulilisema mara ngapi wewe, kwa maiti usiyemjua hata jina, kwa sababu tu umepita njia ukakuta jeneza? Lakini ni ushahidi, na ushahidi una mwenyewe. Khairunisa alifungua mdomo mara zote tatu na mara zote tatu haukutoka hata upepo.

Wahid akamwona. Akajifuta macho, akajaribu kumtania, kama alivyokuwa akimtania tangu chuoni.

"Khairu, vipi? Halua imekunata kooni? Mshuhudie mzee wako basi, wewe ndiye uliyekuwa kipenzi chake."

"Siwezi, Wahid."

"Huwezi nini?"

Angeweza kusema analia, wangemwelewa. Angeweza kusema kichwa kinamuuma. Akaweka sahani chini, akasogea mpaka kizingitini.

"Siwezi kumshuhudia, kwa sababu alijua. Barua ya daktari niliipeleka mimi mkononi mwake. Haikusema msuli. Ilisema usicheze miezi mitatu, ukicheza kano inakatika. Akaitia mfukoni, akaniambia ni amana. Hukumficha kitu, Wahid. Alijua kabla yako wewe."

"Bi Khairunisa," akasema Adib, uso umembadilika, "dada yangu, si hapa. Si leo. Tumetoka kumsomea mtu dua sasa hivi."

"Mwache aseme," akasema Wahid. Hakupandisha sauti. "Uliisoma mwenyewe?"

"Niliisoma."

"Siku gani?"

"Jumatano."

"Jumatano." Akahesabu kwa vidole, polepole. "Alhamisi tulifanya mazoezi. Ijumaa tulifanya mazoezi. Ijumaa hiyo uliniletea maji."

"Nilikuletea."

"Na hukusema."

"Sikusema. Nilimwogopa, na nilimpenda, na sikusema."

Yule wa vikombe tisa alikuwa anachezea tasbihi yake bila kuitazama. Hakim, aliyekuwa na haki ya kusema si niliwaambia, hakusema. Uso ulikuwa umemsawijika kuliko wote, maana hakuna raha ya kushinda ubishi wa namna ile.

Wahid akatazama mguu wake ulionyooka pale mkekani.

"Mnajua mimi kila Idi nafanya nini?" akasema. "Nikitoka kuswali, kabla sijampigia mama yangu mzazi, nampigia kocha. Idi zote mbili, kila mwaka. Watu wengine wote wanangoja. Namwambia, mwalimu, naomba radhi, nilikuficha, nikakukosesha kombe, nikakuaibisha mbele ya chuo. Kila Idi. Nilikuwa naogopa nife yeye bado ana kinyongo nami. Na unajua ananijibu nini, Hakim?"

Hakim akatikisa kichwa.

"Nimekusamehe, mwanangu. Ndivyo alivyonijibu, kila mara, kwa sauti ile yake ya upole. Hata juzijuzi hapa, yuko hospitali, mwanawe akamshikia simu, pumzi hana, nikamwomba tena. Akasema nimekusamehe, Wahid, nimekusamehe."

Akacheka kicheko kifupi kisichokuwa na furaha hata chembe.

"Kwa hiyo mimi nimesamehewa. Sina deni na mtu. Yeye sasa, nani ataniomba mimi radhi kwa niaba yake? Amekwenda. Amefunga mlango na ufunguo kaondoka nao."

Adib aliinamisha kichwa. Jambo la kombe hakuna aliyelitaja tena, wala siku hiyo wala wiki zilizofuata, na mwaka huo bonanza lilichezwa bila jina kama kawaida.

Khairunisa akavuka kizingiti. Akaingia upande wa wanaume na buibui lake, akapiga magoti mkekani mbele ya ule mguu, na hakujali nani anamtazama.

"Yake siwezi kukuombea," akasema. "Nakuomba yangu. Nilijua, nikakuona unachechemea, nikakuletea maji, nikanyamaza. Naomba radhi, Wahid. Kaka yangu, naomba radhi."

Wanawake nyuma yake wakaanza, kama tunavyoanza sote, kwa nia njema kabisa: msamehe, Wahid, msamehe mwenzio, alikuwa mtoto, kusameheana ndiyo dini. Na Wahid akafungua mdomo. Khairunisa aliliona neno linavyokuja, maana ni neno alilolisikia na kulitamka nusu ya maisha yake, liko pale pale kwenye ulimi, halina hata uzito. Kisha Wahid akafunga mdomo.

Akashika ukuta, akajiinua, kwanza mguu mzima, halafu ule mwingine. Akamshika Khairunisa mkono, akamsimamisha na yeye.

"Si leo, Khairu," akasema. "Leo nikikusamehe, nitakuwa nimekusamehe kwa mazoea tu."