Njia Iliyopita Mlangoni kwa Baba

Mtu akikwambia wanaume wa Ikomelo hawana la kujivunia, mlete kwangu mimi, Nyamizi binti Jilala, nimpe habari. Mwaka ule wa sitini na tano, uchaguzi wa kwanza wa alama za jembe na nyumba, nusura waniue kwa majivuno yao, na kinara wao alikuwa baba yangu mzazi. Ndiyo maana wakasema kikulacho ki nguoni mwako.

Serikali ilikuwa inakata majimbo mapya ya ubunge. Karatasi iliyotoka Tabora ilisema kwamba huku kwetu mpaka wa jimbo la mashariki na la magharibi ufuate njia ya zamani ya misafara. Sijui nani alikaa kitini akaona hilo ni wazo la maana. Njia ipi? Misafara ilikwisha tangu treni ilipofika, na kilichobaki ni nyasi na midomo ya wazee.

Mimi nilikuwa nataka ubunge. Msishangae, na wao walishangaa wakachoka. Nilikuwa nimetembea vijiji vyote vya magharibi kwa miguu, nikaanzisha vikundi vya akina mama, nikagombana na waume za watu, hata wajumbe wa huko wakanizoea. Mashariki, upande wa Ziba, walikuwa na mtu wao, na mimi hata mbwa wao walikuwa hawanijui. Chama wilayani kilishaniambia kwamba jina langu litapelekwa na tawi langu, na tawi langu ni Ikomelo. Kwa hiyo Ikomelo ikiangukia magharibi, nina bahati yangu. Ikiangukia mashariki, nirudi jikoni nikasonge ugali.

Akaja karani wa mipaka, Ambrosi, kijana mpole aliyesoma seminari Kipalapala akaona ukasisi haumfai. Alikuja na vigingi vilivyopakwa chokaa, na amri ya kuwauliza wazee. Hapo ndipo balaa lilipoanza. Kwetu Unyamwezi, babu aliyebeba pembe za ndovu mpaka pwani ni cheo. Zamani kijana ambaye hajafika pwani hata mke alimpata kwa taabu. Sasa unamwuliza mzee njia ya misafara ilipita wapi, unategemea akwambie ilipita kwa jirani?

Kila mmoja alisema ilipita kwake. Mzee Masolwa, jirani yetu, aliapa kwamba ilipita katikati ya jiko lake na ghala lake. Ambrosi akapigilia vigingi pale, ua ukagawanyika, mke mkubwa akawa mashariki na mke mdogo magharibi. Masolwa hakujali hata kidogo, alisema babu yake angefurahi. Mwingine akasema ilipita zizini kwake, vigingi vikang'olewa vikahamia zizini, ng'ombe wakavikanyaga. Nilikuwa nawafuata nyuma nikiwaeleza kwamba hapa hatutambiani, tunakata jimbo. Waliniitikia kwa adabu, kisha wakaendelea kutambiana.

Mtu mwenye akili timamu angeangalia majabali yaliyo mashariki ya kijiji. Pale chini pana chemchemi isiyokauka hata kiangazi, na msafara hauwezi kuacha maji ukaenda kupita zizini kwa mtu. Nikamwambia Ambrosi. Akasema yeye anakubali, lakini amri inataka wazee wawili waseme mbele ya watu, na hakuna mzee anayekaa majabalini. Kweli, hakuna aliyekaa kule. Hata sisi tulipokuwa watoto baba alitukataza kwenda kuokota kuni kule, eti kuna chatu.

Basi wakafika kwa baba. Nyumba yetu iko mwisho kabisa wa kijiji, upande wa magharibi. Njia ikipita pale, Ikomelo nzima inakwenda mashariki pamoja na mimi. Baba alilijua hilo, nilikuwa nimemweleza mpaka koo likanikauka. Lakini alipoulizwa, mzee alijikohoza, akavuta kigoda, akaanza. Ilipita hapa mlangoni. Baba yake alitua pembe yake pale kwenye kizingiti, akanywa maji, na kiongozi wa msafara akamsifu mbele ya wapagazi wote. Hadithi hiyo nimeisikia tangu nanyonya, na kila mwaka ile pembe huzidi uzito. Ambrosi aliitikia kwa heshima, kwa kuwa baba ndiye mkubwa wa wote, akasema kesho barazani mzee arudie maneno hayo, na mzee wa pili akimuunga mkono, mpaka utakuwa huo.

Jioni nilimwandalia chakula nikiwa nimefura. Nimemheshimu baba yangu maisha yangu yote, lakini siku ile nilimwambia wazi.

"Baba, hiyo pembe ya babu ndiyo itakayonizika mimi. Babu amekufa, hapigi kura. Mimi niko hai."

Nilingoja anifokee. Hakufoka. Alinawa mikono, akakitazama chakula, akanawa tena bila kula. Nikaondoa sahani kwa hasira, nikijisemea kwamba kununa nako ni sehemu ya maringo yake.

Asubuhi watu wakajaa barazani. Ambrosi akamwomba baba arudie maneno yake. Baba akasimama, na safari hii hakujikohoza.

"Njia haikupita kwangu. Ilipita majabalini," alisema. "Baba yangu hakubeba pembe. Alikuwa mtoto wa watu, sijui wa wapi, amefungwa mnyororo na wenzake, anaumwa. Wakamfungua wakamtupa pale jabalini, wakijua atakufa. Najua njia ilipita pale kwa sababu baba yangu alinionyesha mahali alipolala."

Akakaa. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Miaka yote ile nilikuwa nikiicheka ile pembe, nikamwona baba ni debe tupu. Sikujua alikuwa anafunika nini, na sasa alikuwa amekifunua mbele ya kijiji kizima kwa ajili yangu.

Ambrosi naye alitahayari. Akasema kwa sauti ndogo kwamba amri inataka mzee wa pili.

Masolwa akainuka. Nikajua tumekwisha, maana huyu na baba yangu wameshindana kwa maneno tangu ujana wao, hakuna siku waliyokubaliana hata juu ya mvua. Na alikuwa ameshaapa juu ya jiko lake na ghala lake.

"Ilipita majabalini," akasema Masolwa. "Bibi yangu ndiye aliyemwokota huyo mtoto, alipokwenda kuteka maji. Kwetu tunajua siku zote."

Nikamtazama. Alijua siku zote. Katika matusi yote waliyotupiana juu ya babu zao, hilo hakuwahi kulitia mdomoni.

Ambrosi akainama kuandika, lakini Masolwa akamzuia kwa fimbo yake.

"Ngoja, hujaandika vizuri. Andika kwamba baba yake Jilala alikuwa mpagazi, na alilala pale kwa kuwa mzigo ulikuwa mzito."

Ambrosi alimtazama baba, akanitazama mimi. Kisha akaandika alivyoambiwa.