Presha ya Uwanja wa Ndege

Eti uwanja wa ndege! Barometa ya kitengo chetu cha mionzi hospitalini ilivunjika nikiwa likizoni, na Oyugi, mwenzangu wa kupima nguvu ya mashine, badala ya kuazima nyingine akawapigia simu awaulize presha ya hewa. Wao humpa rubani hesabu ya presha kana kwamba uwanja uko usawa wa bahari. Kisumu iko ziwani, lakini iko juu sana ya bahari, na hewa yake ni nyepesi. Sisi hupima nguvu ya mionzi kwa kuzingatia presha ya hewa; kwa hesabu hiyo kubwa mno mashine ilionekana dhaifu, naye akaiongeza nguvu. Wagonjwa wetu wa saratani wamekuwa wakichomwa kupita kiasi.

Niliporudi na kugundua, niliizima mashine. Daktari Hardeep, mkuu wetu, alifunga mlango wa ofisi na kuuegemea.

"Irekebishe, kisha unyamaze. Ukisema, wakaguzi wataifunga. Hawa wagonjwa wataenda wapi?"

Nilimwambia aondoke mlangoni.

Nilipotoka, Mama Achola wa Bondo alinishika mkono pale kwenye benchi, akafunua shingo iliyobabuka.

"Daktari, siku hizi inachoma kweli kweli. Sasa ndiyo inafanya kazi, sivyo?"

Benchi zima liligeuka, likingoja niseme ndiyo.