Matundu Sita Kifuani mwa Fundi

Fundi wa magurudumu alikata kipande cha boksi la sabuni, akakibandika kwenye bolti sita za vani, akakigonga kwa nyundo hadi matundu sita yakajichora. Kisha akakipeleka kwenye rimu za pikapu zilizorundikwa ukutani. Rimu nazo zilikuwa na matundu sita, ila hayakukutana na yale ya boksi. Duara la bolti za vani lilikuwa na upana wa milimita mia moja thelathini. La pikapu, karibu mia moja arobaini.

"Hayaingiliani, bosi," alisema.

Mwenye gereji, mtu mwenye haraka tangu tumboni mwa mama yake, aliyahesabu kwa kidole. "Sita kwa sita. Unataka nini tena, yafunge ndoa? Panua matundu."

Fundi alichukua tupa, akachonga. Alijua anachofanya, kwa hiyo tusimwonee huruma upesi hivyo.

Vani hiyo iliendeshwa na mdogo wake, baba mmoja mama mmoja, aliyewapeleka kazini wanawake wanaofua mashuka ya hospitali. Siku ya tatu gurudumu la mbele lilichomoka kwenye mteremko. Wanawake watatu walikufa. Dereva alitoka na mchubuko wa kiwiko, akawekwa ndani kwa uzembe. Rimu zote nne hazikuonekana tena, maana gari la kuivuta vani lilikuwa la mwenye gereji.

Siku ya mazishi, fundi akiwa anaoga, matundu sita yalimfunguka kifuani. Maji yaliingia mbele yakatokea mgongoni. Damu haikutoka. Mkewe alimkagua, akamfuta, akasema, "Baridi itakuingia hiyo. Vaa fulana mbili." Daktari wa zahanati alipitisha kalamu tundu kwa tundu, akampa dawa ya kikohozi, kwani ndiyo iliyokuwepo. Upepo ukivuma fundi alitoa mluzi, na jirani alimwomba asisimame dirishani mtoto akiwa amelala.

Fundi alijipima. Duara lilikuwa karibu mia moja arobaini, na kila tundu lilikuwa limevutwa ndani kwa tupa, refu kama tundu la kifungo. Hapo furaha ilimpanda, ya kwanza tangu msiba. Rimu zimepotea, lakini ushahidi anao yeye. "Mume wako atatoka," alimwambia shemeji yake. Shemeji alilia, akafua shati ambalo mumewe angerudi nalo nyumbani, akalipiga pasi mara mbili.

Mahakamani, hakimu alimwambia avue. Karani alipima, akaandika.

"Tupa aliishika nani?" aliuliza wakili wa mwenye gereji.

"Mimi. Niliagizwa."

"Na rimu zenyewe ziko wapi?"

"Sijui."

Hakimu alivaa miwani, akachungulia kwenye tundu la juu, akamwona mwenye gereji amekaa benchi la nyuma. Alisema ushahidi uko wazi na hauna ubishi. Kisha akasema dereva hupaswa kukagua magurudumu kabla ya kuondoka, na huyu hakukagua. Miaka saba. Kuhusu kifua, mahakama ilimrudishia mwenyewe kwa matumizi yake.

Mwenye gereji hakumfukuza. Alinunua vani nyingine, na safari hii boksi halikuhitajika: rimu ya pikapu iliegemezwa kifuani mwa fundi, na tupa ikapita pale ngozi ilipoonyesha. Kazi ya siku nzima ilikwisha kabla ya saa sita. Wenye gereji wengine walikuja kumwazima.

"Hayaingiliani, bosi," fundi alisema, kama alivyosema kila mara.

"Najua. Panua."

Alipanua. Nyumba mbili sasa, yake na ya mdogo wake, zilikula mikononi mwake.

Mwezi uliofuata alikwenda gerezani. Mdogo wake alikuwa amenyolewa, amekonda, ameshika wavu kwa vidole. Waliulizana hali. Mdogo mtu akasema amesikia vani mpya imeingia kazini.

"Imeingia."

"Magurudumu?"

"Yale yale ya pikapu."

"Wamempata nani wa kuiendesha?"

Fundi alitazama sakafu. Upepo wa korido ulipita kifuani, akatoa mluzi, na askari akamwambia anyamaze.

"Kijana wetu," alisema. "Yule mkubwa wako. Kaanza Jumatatu. Mama yake hakuwa na njia nyingine, na mimi sikuweza kumzuia."

Askari akatangaza kuwa muda umekwisha.

"Kaka, nati umezikaza?"

"Nazikaza kila asubuhi kwa mkono wangu," fundi alisema. "Na kila jioni nazikuta zimelegea."